Mafunzo Niliyopata kwa Kujiandaa na Marathoni Nikiwa Kwenye Kazi ya Zamu

Kila ifikapo Oktoba, wakimbiaji wa Dar es Salaam wanaoilenga Kilimanjaro Marathon huanza kuulizana: mwaka huu unafuata ratiba gani? Mbio hizo hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ukihesabu wiki 18 kurudi nyuma unaangukia hapo hapo mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi kwa zamu, nina watoto, na nimejiandaa na kilomita 42 nikiwa na hayo yote. Wanaoniuliza huwa wanataka niwatumie ratiba kwa simu. Huwa nawatumia, lakini kwanza nawaomba wakae nami kidogo tuongee.

1. Itazame wiki yako kabla ya kuitazama ratiba

Ratiba nyingi tunazotumiana zimetoka Marekani, na kila moja iliandikwa kwa ajili ya mtu wa aina fulani. Ile ya Hal Higdon ya wanaoanza ni ya wiki 18. Unakimbia siku nne kwa wiki, na mbio ndefu kuliko zote ni maili 20, yaani kilomita 32. Ile ya ndugu wawili wa Michigan, akina Hanson, inakutaka barabarani siku sita, lakini mbio zake ndefu zinaishia kilomita 26 tu. Hoja yao ni kwamba unazianza ukiwa tayari na uchovu wa siku zilizotangulia, hivyo miguu inajifunza kukimbia ikiwa imechoka. Pete Pfitzinger, aliyeikimbilia Marekani marathoni ya Olimpiki mwaka 1984 na 1988, anawaandikia watu wanaoweza kufikisha kilomita 88 kwa wiki au zaidi. Wapo pia wa Chuo Kikuu cha Furman, South Carolina, wanaotoa siku tatu tu za kukimbia, nyingine ukiendesha baiskeli au kuogelea. Zikisomwa haraka zinaonekana rahisi, kumbe siku zote tatu ni za kazi ngumu.

Zote hizo zimewafikisha watu mwisho wa mbio. Kwa hiyo sikuhangaika kutafuta iliyo bora. Nilichukua daftari nikaandika mwezi wangu ulivyo kweli: zamu za asubuhi, za jioni na za usiku, siku ya kulala baada ya usiku, ibada, kikao cha vikoba, kikao cha wazazi shuleni, na muda unaoliwa na foleni ya Barabara ya Mandela. Baada ya kuyaweka yote, siku ambazo mtu mwenye akili timamu angeweza kukimbia zilibaki nne kwa wiki, na wiki nyingine tatu. Ratiba ya siku sita ningeianza kila Jumatatu nikiwa na deni, na deni la mazoezi linachosha moyo kabla halijachosha miguu. Nikachukua ya siku nne.

Mtu asikutie haya kwa siku nne. Anayemaliza wiki 18 za siku nne amefanya mazoezi mengi kuliko aliyefuata siku sita kwa wiki tano kisha akaacha.

2. Wiki ya kwanza ya ratiba ndiyo inayokupima

Kabla ya kujiandikisha, linganisha wiki ya kwanza ya ratiba na kile ulichokuwa ukikimbia mwezi uliopita. Ratiba ya Higdon niliyoitaja inaanza na mbio ndefu za karibu kilomita 10. Kama kilomita 10 bado zinakulaza kitandani siku nzima, ratiba hiyo haijawa yako. Moshi kuna mbio za kilomita 21 pia, zina heshima yake na zina kilima chake. Miaka yangu ya mwanzo nilikimbia hizo, na ninashukuru.

3. Jua kila zoezi limewekwa kwa ajili gani

Kama ningepewa nafasi ya kumwachia mtu neno moja tu, ningemwachia hili. Ratiba inakupa namba: Jumanne kilomita 8, Alhamisi 13, Jumapili 26. Kwa kawaida haikwambii sababu. Usipoijua sababu, utaifuata kwa woga siku ukiwa mzima, na utaivunja ovyo siku mambo yakiharibika.

Mbio za pole zinajenga uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na misuli yenyewe inajifunza kuchoma mafuta vizuri. Mbio ndefu zinafanya kazi hiyo hiyo kwa kina zaidi, halafu zinaongeza jambo la akiba. Wanga tunaokula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, na kwa watu wengi akiba hiyo huanza kukauka karibu na kilomita ya 30. Ndiyo maana ukisimama hapo siku ya mbio utawaona watu waliokuwa wakikimbia vizuri wanaanza kutembea wameshika viuno. Mbio ndefu zinaongeza akiba na kufundisha mwili kuitumia kwa uangalifu. Zinakupa pia nafasi ya kujaribu tumbo lako linapokea nini ukiwa njiani: tende, ndizi, maji yenye sukari na chumvi, au zile jeli za dukani.

Mbio za kasi ya kati, ile kasi inayokuruhusu kusema maneno matatu au manne kabla ya kuvuta pumzi, zinainua kiwango cha kasi unachoweza kukishikilia kwa muda mrefu. Vilima vinajenga nguvu ya miguu. Vipande vya mita 400 au 800 vinanoa kasi ya juu kabisa, na kwa mtu anayelenga kumaliza marathoni yake ya kwanza, hivyo ndivyo vya mwisho kwa umuhimu, hata kama ndivyo vinavyopendeza kupiga picha.

Ukiyajua hayo, wiki iliyovurugika inapangika upya. Nikitoka zamu ya usiku Jumapili asubuhi siendi kwenye mbio ndefu, naenda kulala. Mbio ndefu nazihamishia siku yangu ya mapumziko, tuseme Jumanne, na zoezi la kasi lililokuwa Jumanne linafutwa. Nimepoteza lenye faida ndogo ili kuokoa lenye faida kubwa. Masharti ninayoshika ni mawili: mazoezi mawili magumu hayafuatani siku kwa siku, na zoezi lililopita limepita, halilipwi. Yule anayekosa Jumanne na Alhamisi kisha akayabeba yote Jumamosi ndiye anayekuja wiki inayofuata kuniuliza dawa ya goti.

Wako wanaosema ratiba haiguswi. Sikubaliani nao. Aliyeiandika hakujua kwamba jamaa yako angefiwa Alhamisi na ungesafiri usiku kucha kwenda Singida. Alichokijua ni mpangilio wa kazi za mwili, na huo unaweza kuuheshimu hata ukihamisha siku.

Aliyeliweka wazi jambo la mpangilio ni Arthur Lydiard wa New Zealand, mtu aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Wanariadha wake walianza na wiki nyingi za mbio ndefu zisizo za mashindano, karibu kilomita 160 kwa wiki, kisha vilima, kisha kasi, kasi ikija mwisho. Kwenye milima ya Waitakere walikuwa na mzunguko wa kilomita 35 hivi, na hata Peter Snell aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800 aliukimbia. Tarehe 2 Septemba 1960, Olimpiki ya Roma, Snell alishinda mita 800 na mwenzake Murray Halberg akashinda mita 5,000, yote ndani ya muda usiozidi saa moja. Barry Magee, naye wa Lydiard, akapata shaba ya marathoni. Umbali ni tofauti kabisa, msingi ni ule ule. Ratiba ninayoichukua leo kwenye simu, hata isipomtaja Lydiard, imepangwa kwa mawazo yake: kwanza msingi, kasi baadaye.

4. Pole iwe pole kweli

Karibu robo tatu ya ratiba yoyote nzuri, na mara nyingi zaidi ya hapo, ni mbio za pole. Hapa ndipo ninapowaona wengi wakipotea, na mara nyingi ni wale wenye juhudi kubwa. Siku ya pole wanakimbia kwa kasi ya kati kwa sababu wanajisikia vizuri. Siku ya kasi inawakuta wamechoka, kwa hiyo kasi haifiki. Mwezi unaisha wamekimbia kila siku kwa ugumu ule ule, na miili yao haijapata kile ambacho zoezi lolote kati ya hayo lilikusudia.

Kipimo ni mazungumzo. Ukiwa na mwenzako uweze kumsimulia habari ya jana kwa sentensi nzima. Eliud Kipchoge, aliyezoezwa kwa miaka mingi na Patrick Sang kule Kaptagat kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, ana siku zake za kazi nzito zinazojulikana: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Kati ya hizo anakimbia pole, pole kiasi kwamba wageni wanaofika kambini hushangaa. Huyo ni mtu aliyekimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1 dakika 59 sekunde 40, Oktoba 2019. Watu hunakili kilomita zake za Alhamisi. Mimi natamani wangenakili Jumatano yake, na usingizi wake wa mchana.

Vikundi vya jogging vya mitaani vinanisaidia sana hapa. Jumamosi alfajiri tunakimbia tunaimba, na hakuna anayeweza kuimba huku amekata pumzi. Tena kwa mwanamke, kikundi ni usalama. Saa kumi na moja alfajiri barabara nyingi hazina taa, na hakuna ratiba iliyoandika kwamba dada asikimbie gizani peke yake. Ninapopanga wiki yangu naweka kwanza siku ambazo nina wa kukimbia naye, kisha naamua siku hizo zitabeba zoezi gani.

5. Aliyeandika ratiba hakuijua Januari ya Dar

Maandalizi ya Moshi yanaanza na mvua za vuli na kuishia kwenye joto kali kuliko yote ya mwaka. Wiki zenye kilomita nyingi zinaangukia Januari, wakati hata alfajiri jasho halikauki mwilini kwa sababu ya unyevunyevu wa hewa ya pwani. Jasho lisipokauka halipoozi. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi kutafuta ubaridi, damu ya misuli inapungua, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kasi ile ile. Kasi iliyokuwa ya pole Julai inakuwa ya kati Januari, ingawa saa ya mkononi inaonyesha namba zile zile.

Kwa hiyo miezi hiyo nakimbia kwa kusikiliza pumzi, na siku za pole nafuata dakika kuliko kilomita. Ratiba ikisema kilomita 10, na kwa kawaida hizo ni saa moja na ushee, nakimbia muda huo na kurudi nyumbani popote nilipofikia. Joto linawapunguza kasi hata mabingwa. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, Tokyo, kwenye joto na unyevunyevu unaofanana na wa kwetu. Muda wake ulikuwa saa 2 dakika 9 sekunde 48, na alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Rekodi ya dunia ya wakati huo, ya Kelvin Kiptum mjini Chicago mwaka 2023, ilikuwa saa 2 na sekunde 35. Mbio za ubingwa hukimbiwa kwa hesabu zake, najua, ila hakuna kocha ambaye angemwambia Simbu akimbie kasi ya Chicago asubuhi ile.

Kuhusu maji, kunywa kwa kiu. Nasisitiza kama muuguzi: kujijaza maji matupu kwa saa nne au tano kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa na kuanguka, na anayekimbia taratibu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa anapita kwenye vituo vingi vya maji akiwa na muda wa kunywa.

Jambo la Ramadhani pia. Mwezi huo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii umesogelea kabisa mbio za Moshi. Mwenzangu mmoja wa kikundi hukimbia pole muda mfupi kabla ya futari, ili maji yawe karibu, na zoezi lake gumu la wiki hulifanya usiku baada ya tarawehe. Mbio ndefu anakuwa amezimaliza kabla mwezi haujaandama. Alianza kwa kutazama kalenda, ndipo akachagua ratiba inayomwezesha kufanya hivyo.

6. Homa inasimamisha ratiba

Kwetu malaria ni sehemu ya hesabu. Mtu anapima, anakutwa nayo, anameza dawa ya mseto siku tatu, siku ya nne anajisikia mzima na anafungua ratiba alipoiachia. Nisingependa mgonjwa wangu yeyote afanye hivyo. Malaria inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu hairudi kwa siku tatu. Ninachowashauri wenzangu: ukiwa na homa hukimbii hata kilomita moja, ukimaliza dozi tembea siku chache, kisha kimbia pole wiki nzima, na kilomita za ratiba uzianze chini ya pale ulipokuwa. Ukiona unahema kwenye ngazi za nyumbani, nenda ukapime wingi wa damu.

Wanawake tuwe na kipimo hicho hata bila malaria. Tunapoteza madini ya chuma kila mwezi, na kukimbia sana kunaongeza upotevu. Dagaa, maini, maharage na mboga za majani vinasaidia, hasa ukiweka limau au kula chungwa pembeni. Chai ya rangi mezani pamoja na chakula inazuia chuma kufyonzwa, basi isogeze mbele saa moja hivi. Nimewaona akina dada wakijilaumu kwa uvivu wiki baada ya wiki, kumbe damu ilikuwa chini. Inaniuma kila mara.

Na vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki na jamaa zake, visimezwe kabla ya mbio ndefu. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinazielemea figo. Maumivu ya misuli yaliyoenea miguu yote miwili na kupungua ukipasha mwili moto ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa, kama vile ugoko unaouma ukiubonyeza kwa kidole, yanakutaka usimame na uende hospitali.

7. Wiki nyepesi haziongezewi kitu

Ratiba nzuri hupunguza kilomita kila baada ya wiki mbili au tatu. Wengi huona hiyo ni nafasi ya kuongeza. Mwili unajijenga wakati wa kupumzika, kwa hiyo wiki hiyo ni zoezi kamili. Mimi huomba zamu za usiku ziangukie hapo ikiwezekana.

8. Wiki tatu za mwisho, na kilima cha Mweka

Mbio ndefu za mwisho hufanyika kama wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo kilomita zinapungua, kasi kidogo inabaki ili miguu isisahau. Hakuna zoezi la wiki mbili za mwisho litakalokuongezea uwezo kwa siku ya mbio, lipo tu la kukupunguzia. Uzito ukipanda kidogo usiogope: glaikojeni huhifadhiwa pamoja na maji.

Njia ya Moshi inahitaji neno lake, maana ratiba nyingi hudhani barabara ni tambarare. Sehemu ya kwanza ya marathoni inatoka mjini na kufuata barabara kuu, imelala, watu wapya na wenye nguvu. Kisha unarudi mjini na kuanza kupanda kuelekea Mweka, kilomita nyingi mfululizo, na kupanda huko kunakukuta wakati akiba ya glaikojeni inaanza kuisha. Anayeichukua sehemu tambarare kwa furaha analipa hapo. Hata mkimbiaji mkubwa kama Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2 dakika 8 na sekunde moja, aliwahi kukutana na gharama hiyo. Boston ya 1990, ambayo njia yake huanza kwa mteremko na kuweka vilima baadaye, aliongoza kwa kasi kubwa, na Gelindo Bordin wa Italia akaja kumpita. Ikangaa alimaliza wa pili, kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Dar haina milima, lakini ina Goba, Makongo Juu na Pugu. Kuanzia Desemba naweka mbio zangu za katikati ya wiki huko, na mara moja kila wiki chache namalizia mbio ndefu kwa kupanda, miguu ikiwa imeshachoka. Kushuka nako nakufanyia mazoezi kwa makini, kwa sababu mapaja ndiyo yanayofunga breki kwenye mteremko, na baada ya Mweka kuna kilomita nyingi za kurudi chini hadi uwanjani. Nashuka kwa hatua fupi za haraka, mwili umeegemea mbele kidogo, bila kukaza magoti.